Vifaa vya Kufulia

Moshi Mjini
4 Juni 2024

Mzee Sifael,
Uru

Shikamoo.

Naitwa Shivani. Mimi ni mpwa wa Ramnik, yule wa duka la vyuma karibu na soko, ambako watu wa Uru walikuwa wakinunua majembe na misumari. Mjomba amefunga biashara. Jengo amenipa mpaka Krismasi nilifanyie jambo la maana, na nikishindwa atampangisha mtu wa simu za mkononi.

Nataka humo niweke karakana ya sarafu kama za wakati wa vita vya Mjerumani, pale fedha zilipokuwa hazifiki tena kwa meli na watu wakalazimika kuzipiga hapa hapa nchini. Sitaki picha za kuning'iniza ukutani. Nataka mgeni aingie, aone moto, aone shaba ikikatwa, kisha ashike nyundo agonge sarafu yake mwenyewe na kuondoka nayo.

Chumba ninacho, vifaa sina. Mama Theodora anayetuletea maziwa ameniambia wewe ni mhunzi, na kwamba kibanda cha baba yako bado kimejaa. Naomba kujua kama unaweza kunipatia vifaa vya zamani vya kufulia.

Wako mtiifu,
Shivani


Uru
9 Juni 2024

Binti wa dukani,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka maziwa, nikadhani ni ya ndama.

Umeomba vifaa vya zamani vya kufulia. Nimemkabidhi Theodora mche wa sabuni na burashi. Sabuni ni ya zamani kweli, aliinunua marehemu mke wangu Magreth, imekauka hata panya wameiheshimu. Beseni sitoi, naogea.

Haya, nimeshacheka, sasa tuongee. Ni kweli baba yangu alikuwa mhunzi na mimi nikawa mhunzi, kwa sababu shuleni mwalimu alinichapa hadi darasa la tano tukakubaliana wote wawili kwamba inatosha. Nina mvukuto, nina nyundo, nina koleo, nina fuawe la jiwe. Sarafu sijawahi kupiga, ila nimeshapiga kila kitu kingine, pamoja na shemeji yangu mmoja. Kazi yenyewe naijua kwa kuitazama tu: unayeyusha shaba, unaikata miduara, hiyo miduara ndiyo mimi naiita vipara. Kipara unakilaza juu ya chapa ya chini, chapa ya juu unaishika, unagonga. Kipara kinaota sura.

Siku hizi sifui sana. Watu wananunua mapanga ya dukani yanayopinda yakiona mgomba. Naingia kibandani asubuhi, nawasha moto, nakaa. Ukiniuliza nafanya nini nitakwambia nawasha moto.

Simu yangu usipige. Binti yangu Kindness aliniletea moja inayolia kama mbuzi. Nimeiweka kwenye debe la mahindi.

Sifael


Dar es Salaam
2 Julai 2024
(kwa barua pepe)

Dada Shivani,

Habari za Moshi. Mimi ni Kindness, binti wa Mzee Sifael. Mama Theodora amenitajia habari zako na nimefurahi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo nakuandikia moja kwa moja.

Baba anaishi peke yake tangu mama afariki. Mwezi wa tatu aliteleza kwenye kihamba chetu, chini ya migomba, akalala kwenye matope tangu asubuhi mpaka jirani yetu Ezra alipopita kukata majani ya ng'ombe. Alipookotwa akasema alikuwa anaangalia mbingu. Mimi nimemwandalia chumba hapa kwangu. Kila nikimwambia tuondoke ananijibu jibu moja: kibanda atamwachia nani?

Sasa nakuomba usichukue koleo na nyundo tu. Chukua vyote. Chukua hata kigoda anachokalia. Kibanda kikibaki kitupu, sababu itakuwa imekwisha. Nitakuja Krismasi kama kawaida yetu, na safari hii sirudi Dar bila yeye.

Tafadhali asijue kwamba nimekuandikia.

Kindness


Moshi Mjini
5 Julai 2024
(kwa barua pepe)

Dada Kindness,

Nimekuelewa. Mimi nina karakana ya kujaza na wewe una kibanda cha kumaliza. Nitaomba vyote. Sijui kama napenda jambo hili, lakini habari ya matope imenikaa.

Shivani


Moshi Mjini
6 Julai 2024

Mzee Sifael,

Shikamoo. Sabuni imefika. Mjomba Ramnik ameitambua, anasema ni yeye aliyeiuza.

Nimefikiri sana. Naona itakuwa vizuri zaidi karakana iwe kamili, kama kibanda chako kilivyo. Kwa hiyo naomba mvukuto, nyundo zote, koleo zote, fuawe, tupa, chungu cha kuyeyushia, ndoo ya kuzimia chuma, na kama inawezekana, kigoda chako pia. Chapa naomba unichongee mpya, zenye neno MOSHI.

Vyote vitatunzwa nyuma ya kioo au vitatumika kwa adabu.

Shivani


Uru
28 Julai 2024

Binti wa dukani,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya hicho kigoda, nakitazama.

Mtu wa sarafu akiomba nyundo, namwelewa. Akiomba mvukuto namwelewa. Lakini mtu anayeomba mpaka ndoo, mpaka kigoda chenye alama ya makalio yangu, huyo ama amechanganyikiwa, ama hayuko peke yake. Sikuulizi. Sisi wazee tusipouliza tunaonekana tuna busara, nami napenda kuonekana.

Basi chukua vyote. Ila sitoi kwa mkupuo. Vitu vya baba haviondoki kama watu wanaokimbia mvua. Nitaleta kimoja kimoja kadiri mgongo utakavyoruhusu, na havitamalizika kabla ya Novemba. Leo Theodora ana koleo na tupa. Vikinuka moshi usishangae, vimekaa darini juu ya jiko.

Humo humo nimefunga kipande cha mmea wa kwetu, kina mizizi. Ni isale. Kipokee. Halafu uniandikie kwamba umekipokea. Usiandike asante tu, maana asante hata mbuzi anaweza kusema. Andika: nimelipokea isale.

Sifael


Moshi Mjini
3 Agosti 2024

Mzee Sifael,

Shikamoo. Koleo ni zuri sana, lina kutu ya heshima. Na nimelipokea isale. Nimelipanda kwenye kopo la rangi hapa barazani, linapendeza. Ni mmea wa ndani au wa nje? Nilimwuliza Mjomba, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema hilo nitalijua mwenyewe.

Shivani


Uru
22 Septemba 2024

Binti,

Isale ni la nje. Ni la nje, la ndani, na la katikati. Mwagilia.

Leo nakuletea nyundo kubwa. Mikono mingi imepita kwenye mpini huo, usiipige msasa. Mvukuto wa ngozi ya mbuzi utakuja wiki ijayo, unavuja kidogo kama mimi. Fuawe ni jiwe. Nimetafuta gari la kulibeba na nimepata la ndizi, kwa hiyo litafika likiwa chini ya mikungu, usilipokee kwa mikono mitupu ukaniita mimi nikulipie hospitali.

Ezra jirani yangu amekuwa akija kuniuliza kwa nini kibanda kinatoa moshi siku nzima wakati ninahamisha vitu. Nikamwambia nachoma takataka. Akasema takataka haigongwi kwa nyundo. Ezra ni mtu wa kanisa lakini ana masikio ya askari wa forodha. Nimempa kazi ya kuvuta mvukuto ili asiwe na nafasi ya kuuliza.

Kuna neno la mvukuto hapo juu usilisome mara mbili.

Sifael


Moshi Mjini
11 Novemba 2024

Mzee Sifael,

Shikamoo. Karakana sasa ina sura. Moto umewaka, shaba imeyeyuka, vipara tumevisugua kwa ndimu na chumvi vikang'aa. Kijana wa VETA niliyemwajiri amegonga sarafu ya kwanza kwa chapa ulizonichongea, mbele ya Mjomba, tukaishangilia, tukaigeuza tukaisoma.

Imeandikwa IHSOM, na herufi ya katikati imetazama nyuma.

Tutafanyaje? Wageni wanaanza kuja mwezi ujao.

Shivani


Uru
14 Novemba 2024

Binti,

Hicho ni Kichagga cha zamani sana, waambie hivyo.

Basi, basi. Wewe uliniambia nichonge MOSHI, nami nikachonga MOSHI, kwa shida, nikitazama kwenye mfuko wa saruji. Hukuniambia kwamba chapa inaona kinyume. Nilipaswa kujua, maana hata muhuri wa mtendaji wa kijiji nimeuona ukiwa umelala chali. Lakini herufi kubwa za kuchonga, zikikaa sawa nazimudu kwa taabu, zikigeuka ndiyo kabisa nazikosea heshima.

Chagua kitu kisicho na mbele wala nyuma, nitakuchongea. Usiniletee herufi tena.

Kigoda kiko kwenye gari la ndizi. Hicho ndicho cha mwisho.

Sifael


Dar es Salaam
16 Novemba 2024
(kwa barua pepe)

Dada Shivani,

Mama Theodora ameniambia hata kigoda kimeteremka. Asante sana. Najua haikuwa rahisi. Nimeshakodi pikapu ya kubeba nguo zake na kitanda cha mama, hicho hawezi kukiacha. Nafika Uru tarehe 21 Desemba.

Nimekuwa nikiota kibanda kile kikiwa kitupu, na badala ya kufurahi naamka nimekasirika. Lakini matope ni matope.

Kindness


Moshi Mjini
19 Desemba 2024

Mzee Sifael,

Safari hii naanza bila shikamoo, utanisamehe au hutanisamehe.

Jana tulifungua. Ndugu wa Kichagga waliorudi kwa Krismasi walijaa mpaka barabarani. Nilisimama mbele yao nimeishika nyundo yako, nikasema hii ni nyundo iliyopita kwenye mikono ya vizazi. Kibao cha maelezo kinasema hivyo hivyo. Mama mmoja mzee akaigusa akafumba macho.

Kisha wageni wakaanza kugonga, kwa chapa ile ile ya IHSOM. Jioni masizi yalikuwa yamebanduka upande mmoja wa nyundo, na chini yake yakatokea maandishi yaliyoinuka kwenye chuma. Mtoto mmoja akayasoma kwa sauti. Yanasema INDIA.

Mjomba anasema ni shafti ya bajaji.

Nikakimbilia koleo. Pini yake ni ya gurudumu la baiskeli. Nikakwangua kigoda kwa kucha. Kimepakwa kiwi ya viatu. Fuawe sijui hata niliulizeje.

Nimewadanganya watu kwa kinywa changu mwenyewe, bila kujua. Mjomba ananitazama kama mtu anayesubiri kusikia bei ya kodi. Nataka jibu, na nataka liwe jibu la mtu mzima.

Shivani


Uru
22 Desemba 2024

Binti yangu Shivani,

Marahaba, ingawa hukuisema.

Jibu la mtu mzima ni hili. Vyote ni vipya. Nyundo nimefua Agosti, nikaifukia kwenye samadi ya ng'ombe wa Ezra, kisha nikaitundika juu ya jiko. Mvukuto ni wa mbuzi wa Pasaka. Fuawe nililiokota mtoni. Lakini hata fuawe la baba lilitoka mtoni, kwa hiyo hapo sijadanganya, nimerudia tu. Kuhusu INDIA sina la kusema, isipokuwa kwamba babu yako naye alitoka huko akafanya kazi Moshi, na hakuna aliyemkwangua.

Ungekuja mbio hapa kunipigia kelele, lakini huwezi. Una isale langu. Kwetu mtu akikukosea kisha akakuletea isale, huna ruhusa ya kulikataa, na ukilipokea kosa limekwisha, hata kama alichinja ng'ombe wako mwenye mimba. Wewe ulilipokea tarehe tatu Agosti kwa mkono wako, barua ninayo. Utasema wakati huo kosa lilikuwa koleo na tupa tu, mengine yalikuwa bado hayajatokea. Hakuna aliyesema ni lazima kosa litangulie. Ramnik analijua hilo, amezaliwa hapa, ndiyo maana alikohoa.

Sasa nikwambie kwa nini. Uliomba ndoo. Ndoo! Nikajua nyuma yako kuna mtu anayetaka kibanda kiwe kitupu, na mtu wa namna hiyo mimi nimemzaa mmoja tu. Sikumkasirikia. Nilikasirikia ndoo. Basi nikafikiri: wanataka vitu vyangu vyote, nitawapa vitu vyangu vyote, na nitabaki na vitu vyangu vyote.

Kumbe kufua upya kila kitu cha baba si mchezo. Koleo la kwanza lilinishinda. La pili likauma kama koleo. Kufika kwenye kigoda nilikuwa nimesahau kwamba ninamdanganya mtu, nilikuwa nafanya kazi.

Jana Kindness amekuja na pikapu. Mengine mwulize yeye, mimi nikieleza nitajisifu.

Sifael


Uru
27 Desemba 2024
(kwa barua pepe)

Dada Shivani,

Baba amesema utaniuliza, kwa hiyo nakutangulia.

Nilifika nikitegemea kibanda kitupu na baba amekaa nje. Nilipokata kona ya kanisani nikasikia nyundo. Kibanda kilikuwa kimejaa kuliko nilivyokiacha. Ezra alikuwa anavuta mvukuto, na nje kuna watu wamekaa kwenye gogo na mundu na majembe yao yaliyovunjika, wanasubiri zamu na wanasengenya. Wamesikia nyundo tangu Julai, mmoja akaja kutazama, akarudi na panga lake, ndivyo ilivyoanza. Baba alinitazama akasema, "Pikapu nzuri. Umeleta chuma?"

Nilimwita pembeni nikamwuliza kama bado anaanguka. Nilitaka aseme ukweli.

Akasema, "Naanguka. Wiki iliyopita nimeanguka hapo hapo mlangoni. Lakini sasa kuna watu wa kuniokota, tena wanagombania, maana kila mmoja anataka jembe lake liishe."

Dada, nilikaa kwenye kigoda chake, kile cha kweli. Hilo ndilo nililokuwa nataka kumpa Dar, mtu wa kumwokota. Kule kwangu natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku. Angeanguka kwenye vigae visafi, peke yake.

Pikapu nairudisha na ndizi. Simu nimeitoa kwenye mahindi, nimempa Ezra.

Yeye anajua kwamba ni mimi niliyekuomba. Hajui kwamba wewe ulikubali kwa kujua. Hilo ni lako.

Kindness


Moshi Mjini
4 Januari 2025

Mzee Sifael,

Shikamoo.

Kibao cha maelezo nimekiondoa. Kipya kinasema: Vifaa hivi vimefuliwa Uru na Sifael, mhunzi, mwaka 2024, kwa ajili ya kutumika. Nilidhani wageni watapungua. Wanapenda zaidi, maana sasa siwaambii wasiguse. Nyundo imepasuka mpini mara mbili na koleo limepinda. Mjomba alikaa na yule mtu wa simu, wakanywa chai, kisha akamwambia jengo lina mtu.

Sasa la kwangu. Kindness aliniandikia mwezi wa saba, nami nikakubali. Nilijua kigoda kinaombwa kwa nini. Nilikuandikia kwamba karakana iwe kamili, na haikuwa kweli. Kila ulipotuma kitu nilikipokea nikijua ninakutoa nyumbani kwako kidogo kidogo.

Lile isale la kwenye kopo limeota matawi. Mjomba amenifundisha mahali pa kukata. Theodora anakuletea kipande pamoja na barua hii. Nakuomba ulipokee. Usiandike asante.

Na cha kuchonga kwenye chapa nimekipata. Naomba unichongee jani la isale. Halina mbele wala nyuma.

Shivani


Uru
2 Februari 2025

Binti yangu,

Nimelipokea isale.

Nimelipanda mpakani, upande wa Ezra, ili naye aogope kunikosea. Ungeleta na maziwa ingekuwa heshima zaidi, lakini Theodora anasema ulimlipa kwa maneno matamu, na hayo ameyanywa njiani.

Chapa hizi hapa, ya juu na ya chini. Nimechonga jani kwa kulitazama lenyewe, siyo mfuko wa saruji. Nyundo mpya nimeweka, ya mpini wa mti wa mfuruanje, na koleo mbili. Zikivunjika usiogope, moto ninao. Na usipake kiwi.

Nimezijaribu chapa kwa kugonga vipara vichache hapa nyumbani. Ezra alipoona sarafu ina isale akasema hili ni jambo la hatari, sasa kila mlevi wa Moshi atakuwa na msamaha mfukoni. Nikamwambia Ezra, wewe ni mtu wa kanisa, unalalamikia nini?

Moja nimekufungia humu kwenye bahasha. Ipokee, na uniandikie kwamba umeipokea.

Bado sijaamua ni ya kosa gani.

Sifael